Sura ya Sita: Shinkolobwe, Kijiji Kilichofutwa kwenye Ramani

Je, ni kweli kwamba bomu lililoteketeza Hiroshima lilitengenezwa kwa madini ya Kongo?

Swali hili haliishi. Wanafunzi huliuliza somo la Vita Kuu ya Pili linapofika mwisho, na watu wazima huliuliza kila Agosti redio zinapotangaza kumbukumbu za Japani. Wapo wanaojibu kwamba hizo ni hadithi za vijiweni. Wapo wanaokubali haraka, lakini ukiwauliza yalichimbwa wapi, wanasema tu "huko Kongo", kana kwamba Kongo ni shamba la mtu mmoja.

Jibu ni ndiyo, kwa sehemu kubwa. Yalitoka mahali padogo sana kusini mwa Katanga, kama kilomita 20 magharibi mwa mji wa Likasi. Mahali hapo panaitwa Shinkolobwe. Sura hii inakihusu kijiji hicho kuliko inavyolihusu bomu, kwa sababu bomu limeshaandikwa vya kutosha. Tunayajua majina ya wanasayansi wake, ya majenerali wake, hata la ndege iliyolibeba. Waliotoa jiwe ardhini hatuwajui.

Jiwe lililoonekana mwaka 1915

Mwaka 1915 mtafiti wa madini kutoka Uingereza, Robert Rich Sharp, alikuwa akipita katika vilima vya Katanga. Nchi nzima ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na madini ya kusini yalikuwa mikononi mwa kampuni moja kubwa, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Kampuni hiyo ilitaka shaba. Pale Shinkolobwe, Sharp alikuta mawe ya rangi kali na mazito kuliko kawaida. Yalikuwa na urani.

Urani ni metali nzito ambayo chembe zake hazitulii. Polepole, kwa mabilioni ya miaka, zinavunjika zenyewe, na kila zinapovunjika hutoa mionzi, yaani nguvu isiyoonekana wala kunusika, inayoweza kupenya mwili na kuharibu chembe hai zilizomo ndani. Urani inapovunjika hivyo huzaa vitu vingine, na kimojawapo ni radiamu, metali ambayo Marie Curie na mumewe Pierre waliigundua mwaka 1898.

Wakati huo radiamu ndiyo iliyotafutwa. Madaktari waliitumia kuchoma uvimbe wa saratani, na viwanda vya saa viliipaka kwenye namba ili zing'ae gizani. Ilikuwa adimu kupita kiasi: kupata gramu moja kulihitaji karibu tani 3 za urani. Gramu hiyo moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Mawe ya Shinkolobwe yalipoanza kusafishwa katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, mwaka 1922, bei ilishuka hadi takriban dola 70,000, na migodi ya Colorado, Marekani, ikashindwa kushindana. Urani yenyewe ilibaki kama pumba. Waliinunua wachache waliotaka kupaka rangi vioo na vyombo vya udongo.

Waliochimba walitoka wapi?

Kusini mwa Katanga hakukuwa na watu wa kutosha kuendesha migodi mikubwa kiasi hicho. Kampuni ikatuma watu kusaka vibarua mbali: Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na katika miaka ya 1920 hadi Rwanda na Burundi. Waliokuja walikuwa na lugha nyingi, na kazini walihitaji moja. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimeshafika Katanga na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikawa lugha ya mgodini, ya kambini na ya shule za wamisionari. Ukimsikia leo mtu wa Likasi au Lubumbashi akizungumza Kiswahili chake chenye ladha ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa, unasikia historia ya migodi hiyo.

Mwanzoni mwanamume alikuja peke yake, akamaliza mkataba, akarudi kwao. Vifo na utoro vilikuwa vingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili utaratibu: ikajenga kambi za familia, ikaruhusu wake na watoto, ikagawa posho ya chakula, ikaweka zahanati na shule. Watoto wa kambini wakakua wakiijua ratiba ya king'ora cha kampuni. Kambi zilileta unafuu wa kweli, na ni haki kulisema hilo. Zilileta pia ulinzi mkali, kwa kuwa mtu aliyelala katika nyumba ya kampuni na kula unga wa kampuni hakuwa na pa kusimama akitaka kugoma. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai nyongeza ya mshahara, Jadotville (ndilo jina la Likasi enzi hizo) na Elisabethville (Lubumbashi ya leo). Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Makumi ya watu waliuawa.

Pale Shinkolobwe kazi ilikuwa ya shimo la wazi, na baadaye ya chini ya ardhi. Mawe yalivunjwa, yakachambuliwa kwa mikono ili kutenga yale mazito yenye urani nyingi na yale dhaifu, kisha yakafungwa kwa safari. Katika mgodi wa urani, hatari huingia mwilini kwa njia tatu:

- mionzi inayotoka moja kwa moja kwenye jiwe unalolishika au kulibeba;
- vumbi linaloingia puani na kinywani, au kubebwa kwenye nguo hadi nyumbani kwa watoto;
- radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mwamba, kujaa mashimoni na kuingia mapafuni.

Je, wenye mgodi wangeweza kujua? Wangeweza. Mwaka 1879 madaktari wa Ujerumani walikuwa wameshaonyesha kwamba wachimbaji wa milima ya Schneeberg, penye madini ya aina hiyohiyo, walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu. Katika miaka ya 1920 wasichana wa viwanda vya saa vya Marekani, waliolamba brashi zenye radiamu ili kuzichongoa, walioza mataya na kufa, na kesi yao ikajulikana dunia nzima. Marie Curie alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishi nayo. Elimu ilikuwepo. Haikushuka hadi kwa mtu aliyeshika sururu.

Mgodi umefungwa, mawe yameondoka

Mwaka 1937 soko la radiamu lilikuwa limejaa. Kanada nayo ilikuwa imepata madini yake kwenye ufuko wa ziwa Great Bear, kaskazini ya mbali. Union Minière ikaufunga mgodi wa Shinkolobwe na maji yakayajaza mashimo. Kama historia ingeishia hapo, kijiji hiki kingekuwa kimoja tu kati ya vijiji vingi vya Afrika vilivyoachiwa shimo.

Lakini mwishoni mwa 1938, Berlin, wanasayansi waligundua kwamba chembe ya urani inaweza kupasuliwa, na inapopasuka hutoa nguvu kubwa mno. Kilichokuwa pumba kikawa kitu cha kugombewa na mataifa. Mei 1939 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alionywa mjini London na mshauri wa sayansi wa serikali ya Uingereza, Sir Henry Tizard, kwamba alichonacho kinaweza kuleta maangamizi kikiangukia mikono ya adui. Agosti mwaka huohuo Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, na barua hiyo iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote vya urani.

Sengier alihamia New York. Mwaka 1940, baada ya Ujerumani kuivamia Ubelgiji, aliamuru akiba ya madini iliyokuwa Katanga isafirishwe. Takriban tani 1,200 zilipita kwa reli hadi bandari ya Lobito, Angola, zikavuka bahari na kuwekwa katika ghala la Staten Island, New York, ndani ya mapipa ya chuma. Huku nyuma Wajerumani walichukua urani waliyoikuta Ubelgiji, nayo asili yake ilikuwa Shinkolobwe. Kwa hiyo watafiti wa pande zote mbili za vita walikuwa wakifanya kazi juu ya jiwe la kijiji kimoja.

Mapipa yalikaa ghalani karibu miaka miwili. Tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa siri wa bomu, uliojulikana kama Manhattan, aliingia ofisini kwa Sengier. Katika muda wa nusu saa hivi walikubaliana: Marekani ingenunua yote yaliyokuwa Staten Island na tani nyingine 3,000 zilizokuwa zimelala juu ya ardhi Shinkolobwe.

Ili uone kwa nini kanali huyo alikuwa na haraka, angalia ubora wa mawe. Yale ya Staten Island yalikuwa na oksidi ya urani kwa asilimia 65. Lundo la mabaki yaliyotupwa kando ya mgodi lilikuwa na asilimia 20. Baada ya vita, Wamarekani walihesabu kuwa wamebahatika wakipata mwamba wenye asilimia 0.3.

Siri

Wahandisi wa jeshi la Marekani walifika Katanga kusaidia kuufungua mgodi upya na kuyatoa maji. Viwanja vya ndege vya Elisabethville na Léopoldville (Kinshasa ya leo) vikapanuliwa, na bandari ya Matadi ikaboreshwa. Jina la Shinkolobwe likaondolewa kwenye ramani. Majasusi waliotumwa kulinda njia ya madini, baadhi yao waliambiwa kazi yao ni kufuatilia magendo ya almasi. Ikiwa jasusi hakuambiwa, mchimbaji angeambiwa na nani?

Safari mpya ilikuwa hivi: treni hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, matishari kwenye mto Kasai na kisha mto Kongo hadi Léopoldville, treni tena hadi Matadi, halafu meli hadi Marekani. Katika kila kituo palikuwa na watu waliobeba mgongoni na kupanga mizigo. Tukizungumzia watu wa Shinkolobwe tuwahesabu na hao, kuanzia makuli wa reli hadi wapakiaji wa matishari.

Takriban theluthi mbili ya urani yote ya mradi wa Manhattan ilitoka hapo. Sehemu iliyobaki ilitoka Kanada na Colorado. Madini yote yaliyeyushwa na kuchanganywa viwandani, hivyo haiwezekani kuonyesha chembe hii ya Kongo na ile ya Kanada. Bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na takriban kilo 64 za urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa ile aina yake nyepesi ambayo ndiyo hupasuka kwa urahisi. Katika urani ya kawaida aina hiyo haifiki hata asilimia 1. Bomu la Nagasaki la tarehe 9 Agosti lilitumia plutoniamu, metali inayotengenezwa kutokana na urani ndani ya tanuri la nyuklia. Yote mawili yana mizizi Katanga. Hiroshima peke yake inakadiriwa kupoteza watu 140,000 kufikia mwisho wa mwaka huo.

Mwaka 1946 Sengier alitunukiwa na serikali ya Marekani nishani ya Medal for Merit, akiwa raia wa kwanza asiye Mmarekani kuipata. Aina moja ya madini ya urani imepewa jina lake, sengieriti.

Kwa ufupi: mgodi ulianza kwa ajili ya radiamu, ukafungwa mwaka 1937, ukafufuliwa kwa siri wakati wa vita na kutoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza. Kwamba madini ya aina hii huwaua wachimbaji kulijulikana kabla hata jiwe la kwanza halijatolewa Shinkolobwe, na hatari ya mionzi ilijulikana kabla mgodi haujafufuliwa.

Zege mashimoni

Uchimbaji uliendelea miaka mingine 15 kwa ajili ya silaha za Marekani. Mwaka 1959 Wabelgiji waliwasha Léopoldville tanuri la kwanza la nyuklia barani Afrika, dogo, la utafiti, katika chuo kikuu cha Lovanium. Mwaka uliofuata, miezi michache kabla ya uhuru wa Juni 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa zege. Nchi mpya ilikabidhiwa kilima kilichotobolewa, na marundo ya mabaki, bila daftari la afya linalojulikana la watu waliofanya kazi pale.

Neno hilo la mwisho ndilo zito kwangu. Kampuni iliyohesabu kila gramu ya radiamu na kila asilimia ya oksidi ilikuwa na makarani wa kutosha kuhesabu mionzi iliyompata kila mfanyakazi. Uchaguzi ulikuwa wao.

Jinsi watu walivyorudi

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na mrithi wake akawa kampuni ya serikali, Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye hazikufika 50,000. Mishahara ikakatika. Katika miji iliyozoea kulishwa na kampuni kwa vizazi viwili, wanaume walichukua sururu na kwenda kujichimbia wenyewe.

Shinkolobwe kulikuwa na kobalti, metali inayotumika kwenye betri za simu na za magari ya umeme, na kobalti ina mnunuzi siku zote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walifurika. Walichimba kando ya zege la zamani kwa mikono, bila barakoa, wakishuka kwa kamba. Makazi yakaota: vibanda vya nyasi na turubai, magenge ya mboga, baa, makanisa. Ripoti za wakati ule zilitaja watu wapatao 15,000. Mawe waliyoyapakia kama kobalti yalikuwa yamechanganyika na urani.

Serikali ya Kongo, na hata mataifa ya mbali, yaliingiwa na hofu ya madini hayo kuangukia mikono mibaya. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kupafunga. Uchimbaji haukukoma. Julai mwaka huo shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane. Ndipo makazi yakabomolewa na watu wakatawanywa, na baadaye mwaka huohuo timu ya Umoja wa Mataifa ikaja kukagua, ikakuta machimbo yanayoweza kuporomoka tena wakati wowote. Kwa mara ya pili katika miaka 60 kijiji cha Shinkolobwe kikafutwa: kwanza kwenye karatasi, safari hii kwenye ardhi yenyewe.

Wengine walipimwa

Msomaji anaweza kusema kwamba enzi zile hakuna aliyejali mambo ya mionzi mahali popote. Tulinganishe.

Pale Staten Island mapipa yalikaa miaka michache tu. Hata hivyo, miongo kadhaa baadaye wataalamu wa serikali ya Marekani walikwenda na vipimo, wakakuta mabaki ya mionzi kwenye kipande kidogo cha ardhi, na eneo hilo likaandikwa katika orodha ya mahali pa kushughulikiwa. Olen, Ubelgiji, udongo na kijito vilivyochafuliwa na kiwanda cha radiamu vilichunguzwa na kufanyiwa usafishaji.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Déline, kijiji kidogo cha watu wa jamii ya Dene kwenye ziwa Great Bear. Wanaume wao walibeba mabegani magunia ya madini kutoka mgodi wa Kanada, na wao pia hawakuambiwa yalikuwa ya nini. Walipojua, mwaka 1998 walituma ujumbe hadi Hiroshima kueleza huzuni yao kwa walionusurika, ingawa wao wenyewe walikuwa wamedhulumiwa. Kisha waliibana serikali yao hadi ikakaa nao meza moja, na mwaka 2005 ripoti ya pamoja ikatolewa. Wazee wao walirekodiwa wakisimulia nani alibeba, nani aliugua, nani alikufa. Ripoti hiyo haikuwarudishia wajane waume zao. Iliwarudishia nafasi yao katika historia.

Ghala la New York lilipimwa, kijito cha Ubelgiji kikapimwa, na kijiji cha Kanada kikasikilizwa. Mahali jiwe lilipotoka, familia za wachimbaji hazijafanyiwa uchunguzi wa namna hiyo.

Kwa nini jambo hili ni letu leo

Urani haikuishia Katanga. Tanzania ina akiba yake kwenye eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 mpaka wa hifadhi ya Selous, iliyo urithi wa dunia, ulibadilishwa ili kuupisha mradi huo, na mwaka 2025 kiwanda cha majaribio kikazinduliwa. Madini haya yanaweza kuzalisha umeme, na sina sababu ya kuyapinga kwa kuwa tu ni urani. Teknolojia ya leo ina vipimo ambavyo mwaka 1922 havikuwepo. Lakini vipimo havimsaidii mtu asiyeonyeshwa matokeo yake. Mwananchi wa kijiji chochote kinachopokea mgodi wa namna hii ana haki ya kuuliza, na kujibiwa kwa maandishi:

1. Afya ya wakazi na hali ya maji vimepimwa kabla ya kuanza, ili baadaye pawe na cha kulinganisha?
2. Nani atatunza rekodi ya mionzi ya kila mfanyakazi, na je, mfanyakazi atapewa nakala?
3. Mabaki yatawekwa wapi, na nani atayalinda kampuni ikishaondoka?
4. Fedha za kufunga mgodi zimetengwa tangu sasa?

Na kwa wewe unayesoma ukiwa Likasi, Lubumbashi, Ilebo, Matadi, Ndola, Kigali au Bujumbura: huenda katika ukoo wenu yupo babu aliyefanya kazi Union Minière, au bibi aliyekulia kambini. Waliokuwa vijana mwaka 1945 ni wachache mno waliobaki, ila watoto wao bado wapo na wanakumbuka walichosimuliwa. Kaa nao. Waulize walifanya kazi gani, waliishi kambi ipi, nani aliugua na aliugua nini. Andika majina, rekodi sauti kwenye simu, weka nakala kanisani, msikitini, shuleni au maktaba ya chuo kilicho karibu. Kampuni haikutuachia simulizi hizo. Usingoje mtu mwingine aandike.